Abiria Aliyepitishwa Kituo

Haya niliyaona mwenyewe. Atakayekuambia kwamba aliyasikia kwa fulani, mpe kiti aongee mpaka achoke, lakini ujue hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mkuu wa wapagazi katika ghala lile, na hakuna gunia lililopanda wala kushuka bila jicho langu. Na pale ambapo sikuwepo, nilichungulia. Kwa hiyo habari za Fundi Taratibu zisikilize kwangu, usizitafute kwingine.

Taratibu lilikuwa jina la utani, na lilimkaa kama shati la kupimwa. Fundi umeme wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mifuko mingi kuliko nguo. Hakuwahi kukimbia wala kusema "nadhani". Ukimwuliza kama mvua itanyesha, alitoka nje, akanyoosha kiganja, akasubiri. Alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha sana: kabla hajagusa waya wowote aling'oa fyuzi, akaitia mfuko wa shati upande wa kushoto, akafunga kifungo. Alisema fyuzi iliyowekwa mezani ni ya kila mpita njia, lakini ya mfukoni ni ya mtu mwenye mtoto. Na mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, karani wa stoo ya juu kabisa katika ghala hilohilo. Yeye ndiye aliyetupokelea mizigo huko juu, penseli sikioni, ulimi mkali. Baba yake alimpenda kwa namna ambayo hata alipokuwa anamkaripia ungedhani anamwombea.

Ghala lilikuwa na ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Lifti yake haikuwa ya watu wenye tai. Ilikuwa kizimba cha nyavu za chuma chenye sakafu ya mbao zilizoachana na geti la kukunja, kikivutwa na mota kwa kamba ya chuma. Geti likiwa wazi, kizimba hakiendi. Kuna swichi ndogo hapo inayokata umeme, ili mtu asije akaacha mguu wake nje.

Kitu chenyewe kilianza kidogo. Asubuhi moja mpagazi alikuwa anapanda na magunia ya mchele, kizimba kikasimama kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, mahali pasipo na mlango, penye ukuta mtupu. Kikatulia. Kisha kikaendelea chenyewe, hakuna aliyebonyeza kitu. Mpagazi alipofika juu alisema tu kwamba mle ndani mna harufu ya chokaa mbichi, kama ukuta uliopigwa plasta asubuhi hiyo. Tukamcheka. Tukamwambia aoge.

Kesho yake kikasimama mara tatu, palepale.

Fundi Taratibu akaitwa. Alipofika, lifti ikapanda na kushuka mara kumi na mbili bila kukohoa. Akanitazama, akaniambia kwamba hitilafu ya kudumu ni mgonjwa mwenye adabu, unamkuta kitandani. Hii ya kuja na kwenda ni ya yule anayelia tumbo usiku kucha, na daktari akibisha mlango anaamka kucheza mpira. Akasema hitilafu ya namna hiyo haitibiwi kwa kubahatisha. Inaviziwa.

Basi akaivizia. Alibadilisha swichi ya geti. Alikaza skrubu zote, akapuliza vumbi, akatafuta meno ya panya kwenye waya, akagonga kila kiungo kwa mpini wa bisibisi akisikiliza kama kuna kilicholegea. Akaanza daftari. Kila lifti iliposimama aliandika saa, mzigo, nani alikuwa ndani, inapanda au inashuka. Wiki mbili nzima. Mwisho akanionyesha, kidole juu ya karatasi, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. Inasimama ikiwa inapanda tu, ikishuka haisimami kamwe. Inasimama mahali pamoja, hapazidi wala kupungua unene wa tofali. Na kila mara inasimama kwa muda uleule. Alikuwa amehesabu mpaka saba, siku zote ni saba.

"Waya uliolegea haujui kuhesabu," alisema.

Alifungua sanduku la umeme lililokuwa chini, ukutani karibu na lifti, akakaa mbele yake kama mtu anayeangalia televisheni. Mle ndani mna vidude vinaitwa rilei, vinabonyea na kuachia, tak, tak, kila kimoja na kazi yake. Kimoja ni cha geti. Tukapandisha kizimba, naye akatazama. Kilipofika penye ukuta mtupu, rilei ya geti ikaachia. Moja, mbili, tatu, mpaka saba. Ikashika tena, lifti ikaendelea. Kwa lugha ya umeme hadithi ilikuwa wazi: mtu amefungua geti, amesubiri, amelifunga. Lakini mpagazi aliyekuwa ndani aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba geti halikusogea hata kwa upana wa ukucha. Kitu pekee alichohisi ni kubanwa kidogo, kama unavyobanwa na mtu anayekupita akielekea mlangoni.

Mchana huo Fundi aling'oa fyuzi, akaitia mfukoni, akafunga kifungo, akaingiza kichwa ndani ya sanduku. Rilei zote zilikuwa zimelala, maana hapakuwa na umeme wa kuziamsha. Ghala lilikuwa kimya, watu wamekwenda kula. Ndipo ile ya geti ikabonyea yenyewe. Tak. Alitulia pale na bisibisi mkononi, akahesabu bila kutaka kuhesabu, na kwenye saba ikaachia. Tak. Akapeleka mkono kifuani polepole. Kifungo kilikuwa kimefungwa. Fyuzi ilikuwemo, lakini ilikuwa baridi kama imetolewa kwenye friji, na alipoitoa ilikuwa na unga mweupe. Akaunusa. Chokaa.

Hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa nyuma ya mapipa, na sitasema nilikuwa nafanya nini huko.

Siku iliyofuata alikuja na klampu. Ni kipimo chenye taya mbili. Unaubana nacho waya wa mota, kinakusomea ampea bila kukata kitu. Usiniulize sana ampea ni nini. Mimi nilielewa hivi: ni kiu ya mota. Mzigo ukizidi, kiu inazidi. Tukaipima. Kizimba kitupu kikipanda, mota ilikunywa kumi. Nilipoingia mimi peke yangu, kumi na moja. Tukiwa watu wawili, kumi na mbili. Kila mtu na moja yake, wanene kwa wembamba, maana klampu ile ya zamani haikuwa na ubishi wa kuonyesha vipande vidogo. Kusoma alinipa kazi mimi, kwa kuwa nina macho na nina sauti. Nilisimama mbele ya sanduku, yeye akasimama kwenye geti la chini, akakituma kizimba juu kikiwa kitupu.

Nikasoma kumi na moja.

Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, kumi na moja. Kizimba kikafika penye ukuta, kikasimama, tukahesabu saba, kikaondoka. Nikasoma kumi.

Fundi akatazama juu kwenye lile shimo la giza ambamo kamba ilikuwa bado inatetemeka. Kisha akaniambia huenda reli zimebana mahali, atazipaka grisi kesho. Mtu mzima akiogopa hutafuta grisi.

Sasa, tulikuwa na meneja tuliyemwita Leo-Leo, kwa sababu kila kitu alikitaka leo hiihii. Wiki ile ilikuja shehena kubwa ya mbegu, na mbegu zinatakiwa juu pakavu. Leo-Leo akaja na saa yake mkononi. Alisema amechoka na lifti inayopumzika njiani kama bibi harusi. Mwisho wa siku shehena iwe juu, au atafute fundi mwingine asiyeandika madaftari. Fundi akajaribu kumweleza. Meneja akageuka katikati ya maelezo.

Hapo ndipo Fundi Taratibu akafanya kitu ambacho mafundi wote wamewahi kukifanya na hakuna anayekikubali mbele ya watu. Alitoa mfukoni kijiwaya kifupi chenye meno ya kubana kila ncha. Mafundi humwita Shemeji, kwa sababu huingia ndani bila kubisha hodi. Shemeji anaruka swichi. Anaudanganya umeme kwamba geti limefungwa, hata kama liko wazi, hata kama halipo. Ukimweka, lifti haiwezi tena kusimamishwa na geti. Fundi alimbana pale ndani ya sanduku mikono ikimsita, akajisemea kuwa ni kwa leo tu, kesho atamtoa.

Akakituma kizimba kikiwa kitupu, kwa majaribio. Nikasoma kumi na moja. Kikafika penye ukuta mtupu, kikapita. Hakikusimama. Nilisikia kitu kikikwaruza nyavu kwa ndani, kirefu, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepitishwa kituo chake anavyoshika dirisha. Kumi na moja bado. Kumi na moja mpaka juu kabisa.

Tukamsikia binti akifungua geti la juu. Kisha sauti yake ikashuka kwenye shimo, ndogo, haina ule ukali wake.

"Baba, umenitumia nani?"

Fundi akamjibu kwamba kizimba ni kitupu, mwanangu, ni majaribio tu. Na mimi niliyekuwa nimeshika klampu nikanyamaza. Mbegu zote zikapanda kabla ya jioni bila kusimama hata mara moja. Leo-Leo akampiga Fundi begani, akasema anaona sasa kazi inafanyika.

Kuanzia siku ile binti akaanza kulalamika mabega. Alisema ni kama amebeba kitu akasahau kukitua. Siku ya pili alikuwa anaandika kwa kuinama mno, pua karibu na karatasi. Siku ya tatu kiti chake kilivunjika mguu, kiti cha mbao ngumu, na yeye ni mwembamba kama ufagio. Wapagazi tulitaka kumtania, tukaacha, kwa sababu sakafu ya huko juu ni ya mbao kuukuu na hulia kila unapokanyaga, na yeye alipotembea ililia mara mbili kwa kila hatua: kwanza chini ya mguu wake, halafu nyuma kidogo.

Nyumbani mama yake aliona mapema zaidi. Alimvuta mumewe jikoni asubuhi, akafunga mlango, akafungulia bomba ili maji yafunike sauti. Alisema mtoto halali. Kitanda hakina hata mkunjo. Kila asubuhi anamkuta amekaa, kiti kimegeuzwa, uso hatua moja kutoka ukutani, na kucha zake zimejaa chokaa.

"Nikimuuliza unatafuta nini," akasema, "ananiambia, mlango."

Walimpeleka zahanati. Wakampima damu, wakampima mkojo, wakasema ni uchovu, apumzike. Akapumzika siku moja, kesho yake akatoka nyumbani mwenyewe kabla ya jua na tukamkuta amesimama mbele ya geti la lifti, anasubiri. Fundi alipomwona hivyo alinituma kwenye klampu. Alimwingiza binti peke yake, akakituma kizimba. Nilitaka sana kusoma kumi na moja. Mungu anajua nilivyotaka.

"Kumi na mbili," nikasema.

Akaegemea ukuta. Hakulia. Alichosema ni kwamba amempandishia mwanawe kitu hicho kwa mkono wake mwenyewe.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hatukumkumbuka kwa wakati, na hiyo ni aibu yetu. Kabla ya vibonyezo, lifti ile ilikuwa na mwendeshaji, mzee aliyekaa humo na kigoda chake miaka zaidi ya thelathini. Tulimwita Babu Geti. Vibonyezo vilipowekwa, miezi michache tu nyuma, walimwambia asante. Fundi alimkuta nyumbani kwake anashona miamvuli mibovu, nami nilikuwa naye, maana jambo kama hilo mtu haendi peke yake.

Babu Geti hakutukaribisha kiti. Alianza na lake. Alisema miaka yote ile hakuna aliyemuaga, walimpa saa ya ukutani. Mtu asiye na kazi umpe saa aitumie kwa lipi? Fundi akakubali makosa yasiyo yake, akapiga magoti, mtu wa miaka hamsini, akamweleza yote, mpaka kijiwaya. Aliposikia habari za kijiwaya, mzee aliweka sindano chini.

"Umempitisha kituo," alisema.

Akatueleza kama anayeeleza njia ya sokoni. Pale penye ukuta palikuwa na stoo ndogo ya katikati, na mlango wake. Jengo lilipofanyiwa ukarabati walipaziba kwa tofali. Kilichokuwa kinakaa humo kilikuwa kimetoka kwa shughuli zake siku hiyo. Kiliporudi kikakuta plasta mbichi. Tangu hapo kikawa kinapanda lifti kutoka chini kama mtu yeyote, kinashuka kwake. Ukuta haukizuii kikifunguliwa geti kwa heshima. Yeye Babu Geti alikuwa akifika pale anasimamisha, anafungua, anasema "umefika", anahesabu saba, anafunga. Fundi akamuuliza kama hakuogopa.

"Kijana, kwani wewe abiria wako wote unawajua?"

Na alipoondoka yeye, ikabidi abiria ajifungulie mwenyewe. Ndiyo ile hitilafu. Hakumdhuru mtu, alikuwa anashuka tu. Lakini aliyepitishwa kituo hana pa kukaa, na asiye na pa kukaa hukaa juu ya mtu. Mabega ya binti yakishindwa, atamburuta waingie ukutani wote wawili. Dawa yake si kafara wala moshi. Dawa ni kumrudisha. Mtoe Shemeji, mpandishe binti, simama pale, fungua kwa mkono wako, sema umefika, hesabu saba. Tukawa tunaondoka, akamshika Fundi mkono wa shati.

"Usimpe mkono. Hata akiyumba, hata akikuomba. Mimi adabu yangu iliishia kwenye geti, na ndiyo maana niko hapa nashona miamvuli."

Tulifanya mchana, saa ya chakula, ghala likiwa tupu na jua limepiga madirisha yote. Usidhani jua linasaidia. Lile shimo halijawahi kuliona. Fundi alimtoa Shemeji, akamkata vipande viwili kwa koleo. Akamshika binti kiuno, wakaingia. Binti alikuwa ameinama mpaka nywele zinagusa magoti, na harufu ya chokaa ilinifikia mimi nilipokuwa, mbele ya sanduku, klampu mkononi. Tulikubaliana hesabu: kizimba kumi, baba moja, binti moja, na yule moja. Jumla kumi na tatu. Ikishuka kuwa kumi na mbili nipaze sauti, ajue wamebaki wao wawili.

Kikapanda. Kumi na tatu.

Niliacha mlango wa sanduku wazi nikasogea nitazame juu kupitia nyavu na nafasi za mbao, kwa hiyo yafuatayo niliyaona kwa tochi ya Fundi. Kikasimama penye ukuta. Akafungua geti. Plasta iliyokaa pale miaka na miaka ilikuwa inang'aa maji. Akasema umefika, sauti ikakatika, akasema tena, umefika. Akaanza kuhesabu. Kwenye moja binti alinyooka kidogo, kwenye mbili akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani, kwenye tatu ukuta ukaanza kubonyea polepole kama unga uliokandwa, alama ya mguu mmoja mkubwa, halafu wa pili, na kwenye nne mabega ya binti yakavutwa mbele, kwa sababu yule aliyekuwa anashuka hakuwa amemwachia, alikuwa ameshika vilevile alivyoshika siku zote zile, kama mgonjwa anayeshuka gari huku ameng'ang'ania kiti, na binti akaenda naye, hatua ya kwanza, ya pili, mikono yake ikaingia kwenye plasta mpaka viwiko bila kutoa sauti yoyote, na uso wake ukaugusa ukuta, na baba yake akihesabu tano aliona shavu la mwanawe likianza kuzama, akakumbuka alichoambiwa, alikumbuka kila neno, nakuapia nilimwona akikumbuka, na bado akafanya kile ambacho mzazi yeyote angekifanya: alinyoosha mkono wake wa kulia kupita bega la binti, kiganja wazi, kama unavyomsaidia mtu mzima kushuka ngazi, akasema kwa upole, "Shika huu, mwache mtoto," na mkono ukashikwa.

Ulishikwa. Niliona vidole vyake vikibanwa na kitu nisichokiona, vikawa vyeupe. Binti akaanguka nyuma kwenye mbao. Fundi akavutwa mpaka begani, shavu kwenye tofali, akahesabu sita. Kisha tochi ikadondoka, ikazima, na nikasikia saba. Geti likafungwa kwa kishindo. Kizimba kikaanza kupanda.

Nilikimbia kwenye klampu, nikatazama.

"Kumi na mbili," nikapaza sauti, na sauti yangu ikagonga kuta zote.

Nikapanda ngazi mbili mbili. Walikuwa wametoka kizimbani, wote wawili, wamesimama kwenye mwanga wa dirisha. Binti alikuwa wima, analia na kucheka, akaniuliza kama kuna chochote cha kula, na akanitukana kwa kuchelewa kujibu. Nikajua amerudi. Alipotembea kwenda kwenye meza yake mbao zililia mara moja kwa kila hatua, na sijasikia muziki mtamu kama ule. Baba yake alikuwa anajipangusa vumbi jeupe kwenye mkono, polepole, kama kawaida yake. Akatabasamu. Akanishukuru kwa kusoma.

Ni miaka sasa. Binti ameolewa, ana watoto wawili, mabega yake yanabeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Leo-Leo alihamishwa. Babu Geti alirudishwa na kigoda chake, na lifti husimama pale penye ukuta kila ikipanda, naye hufungua, husema neno lake, hufunga. Wageni tunawaambia ni taratibu za usalama. Wanakubali, watu hukubali chochote ukikiita hivyo.

Na Fundi yupo, anafanya kazi yake. Amekuwa mtulivu zaidi. Mkewe humsifu kwa majirani kwamba siku hizi akipanda kitandani hamwamshi, godoro halitikisiki. Kule juu tunasema amejifunza kutembea: anapita juu ya zile mbao kuukuu kutoka lifti mpaka dirishani na hazilii hata moja. Fyuzi bado anaitia mfukoni, ila kifungo hakifungi tena. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia hana wasiwasi na umeme.

Sasa, kwa kuwa umenisikiliza bila kunikatiza, nikukirie kitu. Yote niliyokusimulia ni kweli tupu, isipokuwa neno moja nililolitunga palepale mbele ya sanduku, kwa sababu nilikuwa nimewasikia wawili wakipumua huko juu na sikuwa na moyo wa kusema lingine. Ile kumi na mbili ni yangu. Klampu ilisoma kumi na moja.